Nusu Yangu ya Shamba

Walisema sitaweza. Naliandika hilo mwanzo kwa sababu waliolisema wengi wangali hai, na sijakutana na hata mmoja anayekumbuka kulisema.

Mjomba wangu, aliyekuwa na duka la vitambaa Mji wa Kale, alisema kisiwa cha Mombasa ni cha kujenga na kuuza. Anayetaka kulima na avuke aende bara. Fundi cherehani aliyeshona kanzu kwenye baraza ya nyumba yetu alinishika kiganja mbele ya watu, akakigeuza na kukibonyeza kama anayekagua jora la bei mbaya, akasema mtu aliyekaa Ulaya miaka minane mikono yake imekuwa ya kushikia kijiko. Mama aliyekuwa akiuza mahamri kona ya mtaa wetu alisema mboga zisizotiwa dawa zitaliwa na wadudu mpaka mashina, "na wewe utakaa uwatazame wakishiba." Na rafiki yangu wa skuli, karani bandarini, alisema "Hutaweza" na hakutoa sababu, kama mtu anayekujulisha kuwa leo ni Jumanne.

Wote wanne, walipokwisha kucheka, walinikopesha. Hilo nalo ni lao na silikatai. Lakini mtu aliyekukopesha huku akikucheka, siku ya kumlipa unataka aone zaidi ya pesa.

Nilikuwa na haki ya kujiamini. Uholanzi nilikwenda na begi moja. Niliosha sahani, nikafagia meli, nikachuma nyanya ndani ya nyumba za vioo ambamo jasho lilinitoka huku nje theluji inaanguka, na kwa pesa za nyanya hizo nilijilipia chuo mpaka nikapata stashahada ya kilimo cha mboga. Hakuna serikali iliyonitolea hata nauli. Mwaka wa mwisho tulisomeshwa kilimo hai, kulima bila mbolea ya gunia na bila dawa ya kunyunyiza. Nilirudi Mombasa mwanzoni mwa miaka ya tisini na stashahada ndani ya fremu, pamoja na kipimajoto kirefu cha kuchomeka ndani ya mboji ili kujua imefikia moto gani. Stashahada ilitundikwa ukumbini mkabala na mlango, aingiaye asiweze kuikwepa. Nilichagua msumari mimi mwenyewe.

Ardhi niliipata Kizingo, hapo hapo kisiwani. Palikuwa na bibi mmoja mjane, wa familia ya Kiarabu ya tangu zamani, akikaa na mpishi wake katika nyumba kubwa yenye kiwanja nyuma. Kiwanja kilizungukwa na ukuta, kina kisima, na kilichobaki kilikuwa magugu na mawe ya matumbawe. Mama yangu aliwahi kumshonea mapazia. Nilimwandikia barua nzuri kwa wino, kurasa mbili, nikamweleza nitakachofanya. Akajibu kwa mdomo, kupitia kwa mpishi, kwamba tulime, tumlipe kodi ndogo na mboga za jikoni, "mpaka nione mwafanya nini."

Tulikuwa wanne. Mimi na mdogo wangu tulilima. Mke wangu alifunga mafungu kwa kamba za mgomba mkavu. Mama alikaa ukumbini kwetu Mji wa Kale akichambua majani kwenye ungo mkubwa, akitoa hukumu juu ya kila jani na juu ya kila mmoja wetu.

Sasa nimtaje huyo mdogo wangu, kwa sababu habari hii ni yake kuliko nilivyopenda iwe.

Nimemzidi miaka sita. Skuli aliiacha kabla ya kumaliza, akauza barafu, akabeba samaki sokoni, akasukuma mkokoteni. Nilipoanza shamba nilimchukua kama mtu wa kazi, ingawa sikulitamka neno hilo mbele ya mama. Ndani ya miezi miwili nikagundua kwamba hakuna taka Mombasa ambayo yeye hakujua mwenyewe ni nani. Matumbo ya samaki, majivu ya tanuri za mikate, makumbi ya nazi, samadi ya mazizi ya mbuzi wa kuchinjwa: kila kitu alikwenda kukichukua kwa mkokoteni bila kulipa, na aliyempa alimshukuru kwa kuja. Mimi nilijua kwa nini mboji inapata moto. Yeye alijua itapatikana wapi. Nilichomeka kipimajoto changu nikasoma, naye akatia mkono ndani ya biwi la mboji mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Kesho kutwa tuigeuze." Na kipimajoto, nasikitika kusema, kilikubaliana naye.

Mchicha wa kwanza tuliupeleka sokoni Marikiti mimi na yeye. Ulikuwa na matundu. Akaja bibi mmoja wa buibui, akaliinua fungu kwenye mwanga.

"Mboga gani hii yenye madirisha?"

Nikamweleza. "Mama, hii ni mboga ya kilimo hai. Ukiona imeguswa na wadudu, hiyo ni dalili kwamba..."

"Dalili? Kwani mimi nimekuletea mgonjwa?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu akanisogeza kwa bega, pole pole.

"Mama, wafalme wa zamani walikuwa na mtu wa kuwaonjea chakula, wasije wakalishwa sumu. Wewe leo ni mfalme. Ushaonjewa. Mdudu kala tangu jana, na mwenyewe huyu hapa, yuatembea, hajaumwa hata tumbo." Akamwonyesha kiwavi juu ya jani. Kisha akageuka akatazama mchicha wa kibanda cha jirani, mzuri, hauna tundu hata moja. "Ule hakuna mdudu aliyethubutu kuuonja. Mimi sisemi neno. Jiulize mwenyewe."

Yule bibi akanunua mafungu matatu. Ijumaa iliyofuata watu walikuja wakiuliza wenyewe, "Wako wapi wale wa mboga zilizoonjwa?" Nilicheka pamoja na wengine, halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikaanza kuhesabu mafungu ambayo mke wangu alikuwa ameshayahesabu.

Nitasema wazi, maana sioni faida ya kuandika kitabu ili nijifiche. Nilimwonea wivu ndugu yangu. Nilimwonea wivu kwa namna wapishi wa Kizingo walivyofungua mageti makubwa kwa ajili yake, na mimi wakaniuliza nimetumwa na nani. Nilimwonea wivu mama alipomwekea kichwa cha samaki, na mke wangu mwenyewe alipocheka mzaha wake huku kamba ya mgomba ikimponyoka mkononi. Siku moja alikuja Mzungu aliyesikia habari za shamba letu. Nilizungumza naye saa nzima, kwa lugha yake, juu ya udongo na mboji, na ilikuwa saa nzuri. Alipotaka kuondoka akatoa kamera, akaniomba nisogee kidogo, apate kumpiga picha mdogo wangu aliyekuwa amebeba kikapu cha mabiringani.

Basi mwaka wa tatu, miezi mitatu na siku kadhaa kabla ya Idi, yule bibi wa Kizingo akatuita sote wawili kwenye varanda ya nyuma.

"Sabalkheri, wanangu. Kaeni. Mimi nimezeeka, na watoto wangu wote wako Maskati. Nikifa watataka kuuza mpaka hivi viti. Nataka wakili awaandikie karatasi, mlime hapa miaka kumi, asiwatoe mtu."

Tukashukuru. Akainua mkono.

"Sijamaliza. Karatasi ni jina moja. Majina mawili ni ugomvi, na mimi sitaki kuwa kadhi. Tena siandiki jina la mtu anayedaiwa. Marehemu mume wangu alimdhamini mtu, wenye pesa zao wakaja wakatoa makabati mpaka nguo zikabaki sakafuni. Sitaki mtu apige hodi hapa adai kisima changu." Akanitazama. "Wewe ndiye mkubwa. Ukifika Idi hudaiwi, ni jina lako. Ukiwa wadaiwa, ni la mdogo wako." Akamgeukia. "Nawe, wadaiwa na nani?"

"Mimi, bibi? Hakuna aliyewahi kuniamini."

Yule bibi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na wadai wanne, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimewapunguzia kidogo kidogo tu, kwa kuwa kila kilichopatikana kilirudi shambani. Shamba hilo lilikuwa ndoto yangu, nimeilipia kwa nyanya za watu wengine, na sasa lilikuwa tayari kuandikwa jina la mtu ambaye sifa yake ni kwamba hakuna aliyemkopesha.

Jioni ile, ukumbini, nikasema, "Nataka tugawe."

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Mgawe nini?"

"Matuta. Nusu yangu, nusu yake, mpaka Idi. Nilipe madeni yangu kwa jasho langu, ijulikane nani kalima nini."

"Mlilala kitanda kimoja mkipigania mto," mama akasema. "Leo mna ndevu, mwapigania mchicha."

Nilimgeukia mdogo wangu nikitazamia ugomvi. Nilikuwa nimeuandalia maneno.

"Kaka na achague kwanza," akasema.

Hilo liliniudhi kuliko tusi. Nikachagua upande wa kisima.

Lazima nieleze jambo la maji, kwa kuwa ndilo lililonivunja. Miaka ile mifereji ya maji ya majumbani Mombasa ilikuwa ikikauka wiki nzima, na maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, wakati wa kaskazi zaidi, mvua zikiwa mbali. Tulikuwa tukimwagilia kwa kuchanganya, debe la kisima kwa debe la maji matamu ya kununua kwa wauza maji. Na mdogo wangu alikuwa na kawaida moja. Kabla ya masika alikuwa akiteremka ufukweni chini ya Kizingo na magunia, akakusanya mwani uliotupwa na bahari, akautandaza juu ya mawe kando ya ukuta. Hapo mwani ulikaa mvua zote za masika, naye akiugeuza kwa uma. Kila baada ya siku chache aliukata kipande akakitafuna. Kikiwa na chumvi, anatema, anauacha. Siku alipokitafuna asisikie kitu ndipo alipoutia kwenye mboji. Alikuwa akitumia nusu mwaka kufanya kazi ambayo kitabu changu cha chuo kiliitaja kwa mistari miwili: mwani ni mbolea bora, utandazwe mbichi, ufukiwe.

Nilikuwa nimemkejeli sana kwa kazi ile. "Maabara ya ulimi," ndivyo nilivyoiita.

Sasa upande wangu nilitaka mazao ya mfungo: dania, pilipili, mchicha, vitu ambavyo Mji wa Kale wote hununua alasiri kwa ajili ya futari. Nilitaka yawe mengi, mazito, yapite ya ndugu yangu kwa macho ya mtu yeyote atakayechungulia ukutani. Mdogo wangu akaenda Malindi kwenye arusi ya rafiki yake, siku nne. Siku hizo nne nilisukuma mkokoteni mimi mwenyewe, peke yangu, kutoka ufukweni mpaka shambani, na kila mpishi wa Kizingo aliniona. Magunia ishirini ya mwani mbichi. Fundi cherehani angekiona kiganja changu wakati ule angetafuta maneno mengine.

Mke wangu alikuja na chakula akanikuta nikifukia.

"Hukuuosha?"

Nikampa somo. Nilimweleza madini yaliyomo, nikamweleza kwamba Uholanzi wakulima wa pwani wanaufukia vivyo hivyo na kabichi zinatoka kubwa kama mito ya kulalia. Yote yalikuwa kweli. Nilichosahau ni kwamba Uholanzi mvua inanyesha kana kwamba imeajiriwa, na chumvi inaoshwa na mbingu yenyewe kabla mkulima hajanawa mikono. Mimi nilikuwa nafukia mwani katika kaskazi, juu ya kisiwa chenye visima vya chumvi, na tone la kwanza la mvua lilikuwa mbali mno.

Nikapanda. Dania ikaota vizuri, wiki mbili nikatembea nayo kifua mbele. Kisha ncha zikageuka njano. Nikaongeza maji. Maji ya kununua yalikuwa ghali nami nilikuwa naweka akiba ya wadai, kwa hiyo nikaongeza ya kisima. Kingo za majani zikaungua, nikaongeza tena. Nilikuwa mtu mwenye stashahada ya kilimo, nikitia chumvi juu ya chumvi asubuhi na jioni, na sikuona, kwa sababu kuona kungenilazimisha kusema kwamba ulimi wa mdogo wangu ulijua jambo ambalo cheti changu hakikulijua.

Shaaban, mwezi wa kabla ya mfungo, ilipokuwa inakwisha, nusu yangu ya shamba ilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nusu ya pili, hatua tatu kutoka hapo, ilikuwa kijani mpaka inaumiza macho.

Mdogo wangu alipita kwenye matuta yangu, akachuma jani kavu, akalitia mdomoni.

"Kaka, hii ishatiwa chumvi tayari. Tuwauzie kama achari."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Naumia. Mtu akiumia hafanyi mzaha?"

Wakati huo yule bibi akatokea kwenye dirisha la juu. "Nani kaniunguzia shamba?"

Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema nini, kwa kuwa mdogo wangu alinitangulia. "Ni sisi, bibi. Tulijaribu kitu, kikatushinda."

Sisi. Afadhali angenisema. Mtu akikusema unaweza kumchukia, ukapumua. Alichukua nusu ya aibu yangu kama alivyokuwa akichukua gunia upande wa pili tukibeba pamoja, hata bila kuangalia, nami nikamwonea wivu kwa kuweza kufanya vile.

Mfungo ukaingia. Siku ya pili, baada ya kufuturu, nilimkuta kwenye ngazi za nyumba yetu akiufuta mkokoteni kwa mafuta. Nilikaa ngazi ya juu yake.

"Sina cha kuuza," nikasema.

"Najua."

"Nipe mboga zako niuze. Tugawane."

"Haya."

"Ukininyima, nitabaki nadaiwa, na karatasi itakuwa yako."

"Hilo nalo najua, kaka. Mimi niliishia darasa la tano, ndiyo. Hesabu hiyo naiweza."

"Basi kwa nini unikubalie?"

Akaendelea kufuta gurudumu. "Siku ile unasafiri, nilikuwa uwanja wa ndege nimekushikia begi. Ukalichukua, ukaingia. Mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nikakuonea wivu, kaka, wacha tu. Kila barua yako ikisomwa nilitoka nje. Kama miaka mitano, sita hivi. Halafu nikachoka. Ile ni kazi, tena haina mshahara." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe bado hujachoka?"

Nilikuwa sijachoka.

Masharti yake yalikuwa mawili. Faida nusu kwa nusu. Na niuze kwa kutembea mitaani, kikapu begani, nikinadi kwa sauti. "Lakini unadi, kaka. Usihutubu."

Siku ya kwanza sauti ilikataa kutoka. Nilipita kichochoro kizima nimebeba dania kimya kama mtu anayepeleka maua hospitali. Nilipofika barazani petu fundi cherehani aliondoa mguu kwenye cherehani makusudi ili asikike vizuri.

"Loo! Stashahada leo imeshuka ukutani yatembea!"

"Nawe cherehani yako siku ikitembea utaifuata," nikamwambia, kwa sauti kubwa, na sauti ilipotoka mara moja haikurudi tena. Nikanadi mpaka mwisho wa mtaa. "Dania! Pilipili! Bamia! Imekatwa saa hii, bado inatoka maji!"

Mimi si mcheshi, na sikujaribu kuwa. Lakini nina kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichonifikisha Ulaya na kunirudisha. Baada ya wiki moja nilijua nyumba ipi inapika sambusa kila siku na ipi Alhamisi tu, nani ana mgeni kutoka Lamu, nani hali pilipili kwa ajili ya tumbo. Nilifika chini ya dirisha kabla mwenye nyumba hajakumbuka kuwa ameishiwa. Wanawake wa ghorofani waliteremsha vikapu kwa kamba, pesa ndani, nikapakia, kikapu kikapanda. Wengi waliacha kwenda Marikiti kabisa. Mdogo wangu aliuza kwa mzaha miaka mitatu, na katika wiki nne za mfungo mimi niliuza zaidi ya alivyowahi kuuza, bila mzaha hata mmoja. Yeye mwenyewe alikiri mbele ya mama, na nilimwomba alirudie.

Hata hivyo, karibu kila siku, kikapu kikiwa njiani kupanda, sauti ilitoka dirishani: "Yuwapi mdogo wako leo? Haumwi?"

"Haumwi, mama."

"Msalimie. Mwambie twamkumbuka."

Nilikuwa nikimpelekea salamu hizo zote jioni, moja moja. Nilifikiri kuzificha, nikaona hata wivu una kiwango ambacho mtu hapaswi kushuka chini yake.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo niliondoka nyumbani asubuhi na bahasha nne ndani ya mfuko wa kanzu.

Nilianza na rafiki yangu karani. Nilimsubiri nje ya geti la bandari mpaka akatoka, nikampa, akaitia mfukoni bila kufungua, akaniuliza kama mboga zisizo na dawa zinafaa kwa mtu mwenye sukari. Tukazungumza juu ya sukari ya mama yake. Nilikuwa nimeandaa sentensi, sikuipata nafasi.

Mjomba alihesabu mara mbili, akilowesha kidole kwa maji ya kwenye kisahani, kisha akafungua daftari akapiga mstari juu ya jina langu. Mstari mmoja, mnene. Nilimwomba anionyeshe. Akaligeuza daftari, nikalitazama muda mrefu mpaka mteja akakohoa nyuma yangu.

Fundi cherehani alikuwa amezama katika kanzu za Idi, sindano mdomoni. Nilimwekea bahasha juu ya meza ya cherehani, kisha nikamwekea na kiganja changu kando yake, kimefunguka. Alikitazama. Akakibonyeza kwa kidole gumba pale penye sugu. Sindano zilikuwa mdomoni, lakini aliguna, na mguno ule nimeuhifadhi.

Muuza mahamri nilimkuta uani kwake akikanda unga wa jioni, mikono nyeupe mpaka viwikoni.

"Weka hapo juu ya mtungi, mwanangu."

"Mama, hesabu kwanza."

"Nihesabu na mikono hii? Wewe si ndiye uliyeleta? Basi imetimia." Akaendelea kukanda. "Kesho tukifungua niletee pilipili, zile mbivu mbivu. Za kwenu hazinichomi roho."

Nikatoka uani pale nikiwa sidaiwi na mtu yeyote duniani. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nilikuwa nimefunga, jua la kaskazi likinipiga utosini, na nilitembea kwa miguu mpaka Kizingo kwa kuwa sikutaka kukaa.

Wakili alikuwa ameshafika. Yule bibi alikuwa amekaa varandani na karatasi mbele yake, na mdogo wangu amesimama kwenye ngazi, matope kwenye vifundo vya miguu.

"Wadaiwa?" bibi akaniuliza.

"Sidaiwi, bibi. Nimemaliza leo."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

Akamgeukia mdogo wangu. "Nawe huna neno? Sema sasa. Sitaki kusikia minong'ono baadaye."

"Mwandike yeye, bibi. Asipoandikwa hatalala, na asipolala nani atamwagilia alfajiri?"

Wakili alicheka. Mpishi alicheka ndani jikoni. Nilichukua kalamu nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, kwa mwandiko niliojifunza kwa ajili ya kutia sahihi vyeti, nikahakikisha kila herufi inasomeka. Karatasi ilikuwa yangu. Miaka kumi. Hakuna aliyenipa, na ninayesema hivyo ni mtu aliyebeba dania ya ndugu yake begani mwezi mzima ili aipate.

Nilipoinua kichwa mdogo wangu hakuwapo tena varandani. Alikuwa amesharudi kwenye matuta na kisu chake, maana futari ilikuwa karibu na bamia hazijakatwa. Mpishi alikuwa ametoa kichwa dirishani akimtania kitu, naye akijibu bila kuacha kukata, ameinama, mgongo umelegea, mgongo wa mtu asiye na chochote cha kuchunga. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni mahali bahasha zilipokuwa. Nikasimama pale nikimwangalia, nikamwonea wivu, siku ile hasa.

Kisha nikaenda kutafuta kisu cha pili.